Nyota moja, na hiyo ni ya wodini

Nimeandika mara mbili nikafuta, kwa kuwa hasira ilikuwa imenipanda mno. Leo naandika na hiyo iliyobaki.

Ni ule mchezo wa simu wa vibonge vya rangi. Unavisogeza, vitatu vya rangi moja vikikutana vinapasuka, vya juu vinateremka. Jina silitaji, lakini mnaoucheza mtaujua kwa kile kisungura cheupe kinacholia.

Kuna kitu wanakiita moto. Ukicheza kila siku bila kuruka, moto unawaka na hesabu inapanda. Wangu ulikuwa umefika siku 61. Basi stima ikapotea kwetu Kibokoni, usiku ule na kutwa ya pili yake, simu ikazima. Iliporudi nikaichomeka, na kabla sijaona hata ujumbe wa dada yangu, kisungura hicho hapo, machozi yanakitiririka: "Umeniacha!" Chini yake kitufe: rudisha moto wako kwa shilingi 250. Nikalipa. Pesa yenyewe niliitenga ya nyuzi, ilikuwa kwenye M-Pesa yangoja asubuhi niende mjini. Pesa ikakatwa, ujumbe wa kukatwa ukaingia, na moto haukurudi. Hesabu ikasoma 1.

Nimewaandikia mara tatu, na mara zote tatu nimepata barua ile ile, ya Kiingereza, neno kwa neno: asante kwa kuwa mchezaji wetu mpendwa, endelea kucheza. Na picha ya kisungura, safari hii kinacheka. Hakuna mtu. Muuza samaki akinipunja Marikiti, kesho namkuta pale pale kwenye meza yake, tunasemezana, na akiwa mkaidi majirani zake watamsema. Hawa nitawakuta wapi? Nimelipa, nimedhulumiwa, kisha naambiwa mimi ni mpendwa. Lile neno "mpendwa" ndilo lililonichoma kuliko ile 250.

Kisha kuna kazi yangu. Mimi nashona kofia za viua. Kwa asiyejua, kitambaa ni cheupe, kimechorwa nakshi, na kila kiua ni kitobo kidogo unachokizungushia uzi kwa sindano mpaka ukingo wake usimame. Ukivuta uzi kupita kiasi kitobo kinafumba, ukilegeza kinapanuka, na ukibadilisha nguvu ya mkono katikati ya safu, kofia nzima inasema. Moja hunichukua mwezi na zaidi. Zamani nilikuwa nikimaliza sala ya alfajiri naketi dirishani, sinyanyui kichwa mpaka jua liniguse magoti.

Tangu moto uanze kuwaka, mkono umekuwa ukienda kwenye simu wenyewe. Viua vinne, simu. Viua vitatu, simu. Mchezo hukupa roho tano, ukishindwa inaondoka moja, zikiisha wangoja nusu saa ipatikane moja, na katika nusu saa ile mimi nilikuwa sihesabu viua, nahesabu dakika. Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta, akanitazama siku moja akasema, "Halati, hizo roho zimepangwa makusudi. Ukishiba hutarudi." Ndiye aliyenieleza habari za njiwa wa B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani: njiwa anadonoa kitufe apate punje, na punje ikija kwa kubahatisha, mara adonoe kidogo ije, mara adonoe sana ndipo ije, huendelea kudonoa hata punje zikiadimika. Nikafikiri ile "umebakisha kimoja tu!" inayotokea kila nikishindwa. Nilikuwa nikidhani ni bahati yangu mbaya.

Kofia iliyoniumbua ilikuwa ya bwana harusi. Aliyekuja kuitazama ni ami yake, mzee wa makamo ya marehemu babangu, mtu anayezijua kofia. Hakuitazama juu juu. Aliivisha kwenye ngumi, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akawa anaizungusha polepole kwa kidole gumba, kiua kwa kiua. Kidole kikasimama. Akakirudisha nyuma kidogo, kikasimama tena pale pale. Viua 14 vilikuwa vimepanuka, na safu ilikuwa imeshuka kama mstari wa mtoto kwenye ubao. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa mkono wako ulikuwa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimeshona miaka mingi, na swali hilo sijapata kuulizwa.

Sasa nendeni mkausome ukurasa wa mbele wa mchezo huo. Umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba unanoa umakini. Eti unanoa! Nimemsumbua kijana wetu anitafutie wanakolitoa neno hilo, akanisomea utafiti wa mwaka 2003 wa Shawn Green na Daphne Bavelier, uliotoka kwenye jarida la Nature. Waliwachukua watu wasio na mazoea ya gemu wakawachezesha saa moja kwa siku, siku 10. Kundi moja walipewa mchezo wa vita, Medal of Honor, jingine wakapewa Tetris. Waliozidi kwa wepesi wa macho kushika mambo mengi kwa pamoja ni wale wa vita. Tetris, mchezo wa kupanga vibonge kama huu wangu, uliwekwa pale wa kulinganishia tu! Na hata huo wepesi wa macho si ule wa kukaa na sindano saa tatu. Ni vitu viwili, na wao wanaviuza kwa jina moja. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, inayouza michezo ya akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi na tume ya biashara ya Marekani kwa matangazo ya namna hii. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kulalamika.

Msiniambie kuwa naumwa. Najua Shirika la Afya Duniani limetia uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na nimeyasoma masharti yake: ushindwe kujizuia, gemu litangulie mbele ya mambo mengine yote, uendelee huku unaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, imevuruga maisha yako hasa. Mimi sijafika huko. Napika, naswali, namwogesha mamangu. Lililoharibika kwangu ni kukaa na jambo moja, na hilo ndilo linalonilisha.

Nilikuwa nimeshaandika sifuri hapo juu. Nimeirudisha nyota moja, na lazima niseme kwa nini.

Mchezo huu niliupata wodini. Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, mamangu alipata kiharusi kwenye ngazi za nyumba, na mimi ndiye niliyemkuta. Sitaeleza nilichokiona. Usiku ule na zilizofuata, kila nikifumba macho ngazi zile hizo, mguu wake, kile kikombe. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na binti yake mdogo, akanionyesha vibonge kwenye simu yake, akanitumia. Nikacheza kwenye kile kiti cha plastiki mpaka mwadhini akaadhini. Picha zikakaa mbali. Hazikutoka, lakini zilikaa mbali, nikaweza kumlisha mama uji bila mkono kutetemeka.

Baadaye nikajua si mawazo yangu tu. Emily Holmes na wenzake huko Oxford walichapisha mwaka 2009 kwamba watu walioonyeshwa filamu ya mambo ya kutisha, kisha wakacheza Tetris muda mfupi baadaye, walirudiwa na picha zile mara chache zaidi kuliko wasiocheza. Kupanga maumbo hushika ile sehemu ya akili inayochora picha, picha mbaya zikakosa pa kukaa. Nilipolisoma hilo nililia, nikasema labda nyota tatu, labda nimewaonea.

Lakini kule wodini sikuwa na bando. Mchezo ulikuwa vibonge na roho tano basi, hapana kisungura, hapana moto, hapana tangazo. Roho zikiisha nilikuwa naiweka simu kifuani nalala. Uliokuja kunila ni huu niliourudisha nyumbani kwenye intaneti, ulioniamsha saa kumi na moja alfajiri kuniambia nimemsikitisha mtu. Kama wangeniuzia ule wa wodini, ningelipa kwa furaha, hata zaidi ya 250, na ningewaombea dua. Hawauuzi. Nimeutafuta.

Nimeufuta juzi. Jana nikaurudisha kutazama kama pesa imerudi, haikurudi, nikaufuta tena. Mama anatembea na mkongojo sasa, alhamdulillahi, na ndiye aliyekaa na simu yangu leo asubuhi chini ya mto wake. Nimeshafumua vile viua 14. Kufumua ni kazi kuliko kushona, kitambaa kikichoka hakisamehe. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshona saba, vimekaa sawa, na mzee ameniongezea wiki mbili.

Mwenye kujua mlango wa ofisi zao anielekeze. Shilingi zangu 250 bado nazidai.