Sakafu ya mbao: ubao mzima au wa tabaka?
Ubao mzima wa mti mgumu, kwa kawaida wenye unene wa milimita 18 hadi 20, hupigwa msasa na kupakwa vanishi upya mara kadhaa, wajukuu wataukuta. Adui yake ni unyevu: hutanuka, husinyaa, mwisho hupinda au kuachana.

Ubao wa tabaka una ngozi, yaani tabaka jembamba la mti halisi, juu, chini plaiwudi ambayo nyuzi zake zimekingamana. Ndiyo maana haupindi ovyo hali ya hewa ikibadilika, na hubandikwa kwa gundi juu ya zege lililokauka. Kwenye zege ningechagua huu bila kusita. Ila ulizia unene wa ngozi: iliyo nyembamba sana haivumilii msasa wa mashine.

Bafuni? Weka vigae tu.