Geji ya presha kwa heda ya kombaini: pima kabla hujanunua pampu

Karibuni, wenye kombaini na mafundi. Hii mkononi ni geji ya presha ya haidroliki. Uso wake ni milimita 63, ndani ina gliserini ili mshale usitetemeke, na imekuja na hozi nyembamba na fitingi zake. Naichambua kwa kazi moja tu: heda (sehemu ya mbele ya kombaini inayokata mazao) isiyopanda, au inayopanda kwa kujivuta. Msimu wa mavuno, iwe ni mpunga wa Mbarali au ngano ya Narok, heda ikigoma lawama ya kwanza huiangukia pampu, na pampu ni kipuri ghali. Inauma kuona mtu ameinunua halafu heda imebaki pale pale chini.

Anza na oili. Shusha heda hadi chini ndipo usome kipimo cha tangi, kwa sababu heda ikiwa juu silinda zimeshikilia oili nyingi. Ukijaza wakati huo, ukishusha itafurika. Ukikuta povu, mfumo unavuta hewa. Kagua hozi kati ya tangi na pampu na ukaze klampu zake. Hozi hiyo inaweza kunyonya hewa bila kudondosha oili hata tone, kwa hiyo tatizo hupita machoni. Oili ikitulia na bado ina weupe wa maziwa, imeingia maji: imwage yote na ubadilishe filta.

Mashine inayopandisha heda kwa kitufe, angalia fyuzi kwanza. Kisha sogeza bisibisi kwenye koili ya valvu huku mwenzako akibonyeza. Koili nzima huvuta chuma.

Sasa geji. Heda iwe chini, zima injini, chezesha levi ili presha itoke, ndipo ufungue mahali pa kupimia, au ufunge fitingi ya T kwenye laini inayokwenda silinda. Acha oili ipate moto wa kazi. Injini ikiwa kwenye mwendo wa kuvunia, pandisha heda hadi mwisho, shikilia levi kwa sekunde tano zisizozidi, soma. Kombaini nyingi huangukia kati ya bar 140 na 210, ila namba ya kufuata ni ya kitabu cha mashine yako.

Presha ikiwa sawa na heda bado haipandi, acha pampu. Tafuta tope lililojazana, pini iliyokwama au laini iliyoziba. Presha ikiwa ndogo, fungua valvu ya kuachia presha: punje moja ya uchafu kwenye kiti chake inatosha kuiacha wazi. Isafishe, rudisha, kaza skrubu robo mzunguko tu, pima tena, na usivuke namba ya kitabu. Mshale usipopanda, jaribu usukani ikiwa unatumia pampu hiyo hiyo. Nao ukiwa mzito, pampu ina kesi ya kujibu. Ukiwa mwepesi, shuku valvu ya heda. Presha nzuri kwenye baridi inayoanguka oili ikipata moto ni dalili ya uchakavu wa ndani, wa pampu au wa spuli ya valvu (fimbo inayoteleza ndani yake kuelekeza oili).

Heda inayoshuka yenyewe haihitaji geji. Kwenye silinda za kusukuma upande mmoja, fimbo ikilowa, sili zimekwisha; ikiwa kavu na hakuna kinachovuja nje, oili inarudi kupitia valvu ya kuzuia au spuli. Usiingie chini bila kizuizi cha silinda, na usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kadibodi. Oili yenye presha hupenya ngozi, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali papo hapo.

Ipi ununue? Mimi nachagua ya bar 250 kuliko ya 600, mradi kitabu chako hakivuki 200 hivi. Daraja la 1.6 maana yake kosa la asilimia 1.6 ya kipimo chote: bar 4 kwenye ya 250, karibu bar 10 kwenye ya 600.

Udhaifu wa seti hii ni fitingi: zote ni BSP, uzi wa kipimo cha Uingereza. Robo inchi ya BSP ina nyuzi 19 kwa inchi, ya NPT, uzi wa Marekani, ina 18. Zinaanza kuingiana vizuri, kisha zinakwama na kuharibu uzi wa valvu. Ikikaza baada ya mizunguko miwili, itoe na uende dukani na fitingi ya zamani mkononi.