Kifuniko chembamba cha eya klina kwenye Road King: uzoefu wangu

Ninaendesha pikipiki ya Harley-Davidson Road King ya mwaka 2013, yenye injini ya Twin Cam ya inchi za ujazo 103, yaani takriban cc 1,690. Kila aliyeikalia pikipiki hii kwa saa nyingi anajua kwamba eya klina yake, yaani kisanduku cha chujio la hewa ya injini, imetokeza upande wa kulia, katikati ya silinda mbili, mahali pale pale ambapo goti la dereva hutaka kupumzika. Mtu mrefu haoni shida, kwa sababu hukaa nyuma zaidi na goti lake hupita juu yake. Mimi nina futi tano na inchi tano. Nikiinua mguu kuufikia mkanyagio wa breki, upande wa ndani wa goti hugusana na kifuniko, na baada ya mwendo mrefu hapo ndipo maumivu huanzia.

Harley-Davidson wenyewe walilishughulikia jambo hili walipozindua injini ya Milwaukee-Eight kwa pikipiki za safari za mwaka 2017, kwani walipunguza unene wa kifuniko cha eya klina pamoja na kile cha mnyororo wa ndani upande wa kushoto ili miguu ipate nafasi. Sisi tuliobaki na Twin Cam tunalazimika kutafuta suluhisho kwa watengenezaji wa vipuri.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kubadilisha eya klina nzima: bamba la nyuma, chujio na kifuniko. Seti za namna hiyo ni nyingi, na baadhi yake, kama zile zenye umbo la tone la maji za kampuni ya S&S, zina sifa nzuri ya miaka mingi. Hata hivyo, chujio linalopitisha hewa nyingi zaidi hubadilisha uwiano wa hewa na petroli, na mara nyingi kompyuta ya injini huhitaji kurekebishwa upya. Hapa Marekani urekebishaji huo una sheria zake: mwaka 2016 Harley-Davidson walikubali kulipa faini ya dola milioni 12 baada ya shirika la serikali la mazingira, EPA, kuwalalamikia kuhusu vifaa vya kurekebishia injini walivyokuwa wakiuza. Mimi sikutafuta nguvu zaidi. Nilitafuta nafasi ya goti tu, kwa hiyo nikachagua njia ya pili, ambayo ni kuacha kila kitu cha kiwandani kilivyo na kubadilisha kifuniko peke yake.

Ugumu ni kwamba neno «chembamba» kwenye tangazo halina kipimo. Duka nililonunulia liliweka picha za kupendeza bila kuandika unene popote, na nilipowaandikia kuuliza walinitumia picha nyingine. Ndiyo sababu kifuniko kilipofika nilikipima kabla ya kukifunga. Nilibandika vidonge vya plastisini, udongo laini wa kuchezea watoto, juu ya chujio sehemu kadhaa, nikakaza kifuniko, kisha nikakifungua na kutazama vidonge vimebanwa kiasi gani. Kama kidonge kingebaki chembamba kama karatasi, ningejua kwamba chuma kinaligusa chujio, na kifuniko kingerudishwa siku hiyo hiyo. Vyangu vilibaki na unene wa milimita chache kote. Niliangalia pia uwazi wa pembeni, kati ya ukingo wa kifuniko na bamba la nyuma, maana hewa huingilia humo. Kifuniko kilichosogea ndani na kuuziba uwazi huo kingeikaba injini, hata kama goti lingefurahi.

Kukifunga hakuhitaji fundi. Skrubu ni moja katikati, nayo hutiwa tone dogo la gundi ya kuzuia kulegea. Kwenye kifaa changu raba ya kuzunguka tundu la skrubu ilikuwa nyembamba mno, kwa hiyo nikairudisha ile ya zamani.

Tofauti ya unene ni kama sentimita mbili. Kwa kuitazama si nyingi, lakini goti linaitambua mara moja. Niliiona vizuri zaidi kwenye Blue Ridge Parkway, barabara ya kilomita 755 inayopita milimani katika majimbo ya Virginia na North Carolina, ambako mwendo wa juu kwa sehemu kubwa ni maili 45 kwa saa na kona hazikomi. Mguu wa kulia hufanya kazi ya breki mchana kutwa, na sasa hupanda na kushuka bila kukwaruza chochote. Joto la silinda ya nyuma liko pale pale, na asiyelipenda asitarajie nafuu kutoka kwenye kifuniko. Mlio wa injini kuvuta hewa umeongezeka kidogo. Ndani ya mahandaki ya barabara ile unasikika, na sikuchukia.

Ninalolalamikia ni rangi. Nilichagua nyeusi ya kung'aa, na suruali ya mvua imeshaichora mistari miembamba upande wa juu. Jingine ni oili. Mvuke wa oili kutoka kwenye injini hii hupitia vichwa vya silinda na kurudishwa kwenye eya klina ili uchomwe, na oili ikijazwa kupita kiasi mvuke huo hugeuka matone. Kifuniko cha kiwandani kilikuwa na nafasi ya kuyaficha. Hiki hutoa michirizi chini ya ukingo mapema zaidi. Kwa hiyo sasa najaza oili chini kidogo ya alama ya juu, na kila ninapoibadilisha hufungua kifuniko na kufuta ndani.

Kilinigharimu chini ya dola 200. Ningekinunua tena bila kusita, ila safari hii ningechagua cha kromu au cheusi kisichong'aa.