Nimeskanisha picha na kaseti zangu za sekondari baada ya miaka 35, nyota nne

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke, hii huduma ya kuskani picha na kaseti za zamani naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata makusudi na ntasema kwa nini, ila kama una boksi la mambo ya shule limekaa juu ya kabati tangu una miaka 17 usiendelee kusubiri, lipeleke. Jina la kampuni siliweki, tulikwaruzana kidogo na tukayamaliza, halafu wako wengi wanaofanya kazi hii kwa mtindo huu huu kwa hiyo nnachosema kitakufaa popote utakapopeleka.

Nilipeleka picha za karatasi 142, nega (ile filamu ya kamera ambayo picha zinasafishwa kutoka kwake) vipande sita, ripoti za shule na kaseti moja. Kuziachia kwa kweli niliogopa, manake hizi hazina nakala, zikipotea zimepotea. Wanakupa bahasha zenye namba, kila fungu unaliandikia mwenyewe, wiki tatu baadae nikarudishiwa kila kitu kwenye mpangilio ule ule pamoja na flashi. Hapo sina neno.

Rangi walifanya kazi nzuri mno. Picha zangu nyingi zilishakuwa nyekundu nyekundu, watu wote kama wamesimama kwenye jua la magharibi, na siku zote nilidhani ni mwanga ndo umeziharibu. Fundi akanielewesha kwamba picha ya rangi ina rangi tatu zilizokaa tabaka tabaka, na kwenye karatasi nyingi za zamani ile ya samawati ndo ilikuwa inachoka mapema hata albamu ikikaa gizani, ikishafifia kinachobaki machoni ni wekundu. Zile chache nilizonazo za nyeusi na nyeupe ziko vile vile, kwa sababu picha yenyewe pale ni chembe za madini ya fedha.

Sasa nega. Jamani msitupe nega. Mtu anasema picha si ninazo, nega za nini, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, zilibaki kwa bahati tu zilikuwa zimejibana nyuma ya albamu. Picha za karatasi waliskani kwa nukta 600 kwa inchi, inatosha, lakini nega waliskani kwa 4000, fremu ndogo ya milimita 24 kwa 36 ikatoa picha ya kama megapikseli 21, unaona mpaka nyuzi za kifungo cha shati. Na kuna jambo sikulijua kabisa, mashine za kusafishia picha zilikuwa zinakata ukingo kidogo, kwa hiyo picha uliyonayo mkononi siyo yote iliyopigwa.

Kuna picha moja nimekaa kwenye ngazi za darasa, peke yangu, kitabu mapajani, naangalia chini. Hiyo picha nimeibeba kila nilipohamia. Ndo ilikuwa ushahidi wangu kwamba mwaka wa kwanza sekondari sikuwa na mtu, nimemwambia mke wangu hivyo, nimewaambia watoto hivyo, na sikuwa nadanganya, ndivyo nnavyokumbuka. Nimefungua faili la nega, kushoto kabisa, pale ambapo karatasi ilikuwa imekata, kuna goti na mkono. Mkono una saa, na saa imegeuzwa kioo kiko ndani upande wa viganja. Shule nzima aliyekuwa anavaa saa hivyo alikuwa mmoja, tulikuwa tunamwita Babu kwa vile anatembea taratibu. Alikuwa amekaa pembeni yangu, ngazi ile ile. Na fremu inayofuata kwenye kipande hicho hicho, ambayo haikusafishwa kabisa sijui kwa nini, tuko wote wawili tumepinda kwa kicheko na kitabu kimeanguka chini.

Nilizima kompyuta nikatoka nje nikakaa kidogo.

Baadae nikaenda kusoma kama ni mimi tu au watu wote. Kumbe mwaka 1962 kule Marekani watafiti walihoji vijana wa kiume 73 wa miaka 14 kuhusu familia, marafiki na maisha yao, halafu 67 kati yao wakaja kuulizwa tena walipofika miaka 48, walikuwaje enzi zile, na majibu yao yalilingana na ya zamani kiasi kile kile ambacho mtu angepata kwa kubahatisha. Watu wazima wenye akili timamu, wanaongelea ujana wao wenyewe. Kwa hiyo mtu akiniuliza faida ya hii huduma ni nini simwambii kutunza kumbukumbu, kumbukumbu ninazo nyingi, faida yake ni kwamba unapata kitu cha kuzipimia.

Na ndo maana nimekata nyota. Awamu ya kwanza walinipa mafaili ambayo wamepitisha kwenye programu ya kuboresha sura bila kuniuliza. Nafungua picha ya darasa nakuta watu 41 wote wana ngozi kama ya mwanasesere. Mimi nilikuwa na chunusi paji zima la uso mpaka nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa, hazipo. Kuna binti alikuwa na kovu linakata nyusi ya kulia, ndo ilikuwa alama yake, ukimwona kwa mbali unamjua, wamelifuta. Mmoja jino lake la mbele lilikuwa limevunjika pembeni, mashine imemjazia! Hizi sura hazijawahi kuishi popote. Nilipiga simu nikiwa na hasira na nilisema maneno, ila nashukuru yule dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka nikamaliza, siku mbili baadae wakanitumia mafaili ghafi ya TIFF ambayo hayajaguswa, bila malipo ya ziada. Wewe ukipeleka sema mapema kabisa, rangi rekebisheni, vumbi futeni, sura ya mtu msiguse.

Jambo lingine walilokosea ni migongo ya picha. Hawaskani nyuma mpaka uombe, hata kwenye fomu hamna hicho kipengele, na kwa picha za shule nyuma ndo kuna maneno. Nyuma ya picha ya yule binti wa kovu ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu, amekandamiza mpaka herufi zimetokeza upande wa mbele juu ya sketi yake: "Hii sijakupa, nimekuazima, utanirudishia tukifungua shule." Shule ilipofunguliwa alikuwa amehamishwa, na mimi niliishika ile picha nikawa naitoa mfukoni kila jumatatu mpaka nikaacha. Bila mgongo ule hiyo ni picha ya msichana amesimama kwenye ua, basi. Nilizirudisha zote zikaskaniwe nyuma, zikachukua wiki nyingine.

Wana ukurasa wao wa kuweka majina, unagusa sura unaandika. Hapo niliona ajabu yangu mwenyewe. Kwenye ile picha ya watu 41 sura nilizijua zote kasoro mbili, huyu alikuwa anakaa dirishani, huyu alikuwa anaimba, huyu alikuwa ananiazima rula. Majina niliandika 23 tu halafu nikakwama, jina liko mdomoni halitoki. Hili nalo lilishapimwa zamani, mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walitoa utafiti wa watu 392 na vitabu vyao vya picha za kumaliza shule, na hata waliokuwa wameondoka shuleni miaka 30 na zaidi walitambua sura za wenzao kwa karibu asilimia 90, ila kuambiwa utaje majina kwa kichwa tu bila kuonyeshwa chochote ilikuwa shughuli pevu. Nikatuma picha kwenye grupu letu la darasa, usiku ule ule majina yakajaa, na mawili kati ya yale 23 nikasahihishwa, nilikuwa nimebadilisha ndugu wawili miaka yote hii.

Ripoti za shule pia waliskani, humo nikakuta muhula niliokuwa nawaambia wanangu nilishika nafasi ya tatu nilishika ya tisa. Nimewaambia ukweli.

Kaseti. Hii ndo nilikuwa na wasiwasi nayo kuliko vyote, dakika 60, upande mmoja tu ndo umerekodiwa, usiku wetu wa mwisho tumekaa darasani tunapeana zamu ya kusema. Kale kasufi kadogo kanakosukuma utepe kwenye kichwa cha redio kalikuwa kamebanduka, kwa hiyo kila nilipojaribu kuicheza nyumbani miaka ya nyuma ilikuwa inatoa mvumo tu, nikaamini imekufa. Wao waliutoa utepe wakauhamishia kwenye ganda jipya, sauti ikarudi. Kama kaseti yako haisikiki usikubali kirahisi kuwa imefutika, mara nyingi ubovu ni wa ganda, utepe ni mzima.

Kuna kitu kwenye rekodi mwanzo nilidhani ni kasoro ya kazi yao. Kabla mtu hajaongea unasikia sauti yake kwa mbali sana, nyembamba, halafu kama sekunde mbili hivi ndo anaongea kweli. Fundi akasema si wao, ni utepe ukikaa umezungushwa miaka mingi, tabaka moja linaambukiza usumaku wake kwa tabaka linalogusana nalo, kwa hiyo maneno yanavuja kabla ya zamu yake, inasikika zaidi pale kwenye ukimya. Akasema anaweza kujaribu kuipunguza kwa programu.

Dakika ya 22 wote wamenyamaza, nadhani ilikuwa zamu yangu na sikutaka kusema. Kwenye ule ukimya kuna mtu ananiita, kwa mbali, kidogo sana mpaka uvae hedifoni. Halafu Babu ananiita kwa sauti yake kamili, na unasikia kiti kinasogezwa.

Nikamwambia fundi asipunguze chochote, anipe hivyo hivyo.