Vibandiko vya sumaku kwenye pedali zangu: miezi minane ya jukwaa, vumbi na soda

Ijumaa usiku, swichi ya tatu kwenye pedali yangu ndefu ya gitaa, ile ninayokanyaga kubadili sauti, inaitwa SEBENE, jina la kipande cha kasi cha gitaa katika rumba. Jumapili asubuhi swichi hiyohiyo inaitwa TULIVU, na kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya sauti ambayo kanisa zima linaweza kuisikia. Kwa sababu hiyo nimehangaika na vibandiko kwa muda mrefu kuliko nilivyohangaika na gitaa lenyewe. Naandika haya kwa ajili ya wapiga gitaa wenzangu wa Kampala, na popote pengine, wanaosoma majina ya swichi zao gizani.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda. Mwisho wa juma napiga solo katika bendi ya rumba inayoongozwa na mzee mmoja kutoka Bunia, Kongo, na Jumapili napiga na kwaya. Bodi yangu, ubao ninaopangia pedali, ina pedali nne ndogo na kidhibiti kimoja cha mguu, ile pedali ndefu ya chuma yenye swichi kumi isiyo na sauti yake yenyewe. Kazi yake ni kuamrisha vifaa vingine kupitia waya wa MIDI, lugha ya amri kati ya vyombo vya muziki vya kielektroniki. Swichi kumi zenye nambari tu hazikwambii lolote. Namba saba leo ni mwangwi, wiki ijayo ni kitu kingine, na mpigaji ana nusu sekunde ya kutazama chini.

Nilianza kama wengi, kwa selotepu nyeupe na maka. Ndani ya wiki mbili joto la buti ya gari liliyeyusha gundi, tepu ikatembea, na chini yake ukabaki utando unaonata ambao vumbi la barabarani liliupenda sana. Kuubandua ilinichukua mchana mzima na mafuta ya taa. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta sumaku: unabandika, unabandua, hakuna gundi.

Oda ya kwanza niliipeleka kwenye duka moja la uchapaji hapa mjini. Walichukua karatasi ya sumaku nyembamba, kama ile ya vipambo vya friji, wakachapa maneno kwenye karatasi ya kawaida kwa printa ya wino wa maji, wakaibandika juu na kuifunika kwa selotepu ya kufungia maboksi. Nililipa shilingi 35,000 kwa vibandiko kumi na viwili. Mezani vilipendeza. Usiku wa kwanza, kwenye hoteli moja kando ya ziwa, mjini Entebbe, mtu alipita na glasi na soda ikamwagika. Wino ulianza kunywa maji kutoka pembeni, kwenye ukingo ambako selotepu ilikuwa imekatwa sawasawa na karatasi, na kufikia wimbo wa nne SOLO ilikuwa doa la buluu. Hilo ningelivumilia. Lililoniumiza lilitokea baadaye, wimbo ulipogeuka na mzee kuninyooshea kidole niingie kwenye sebene. Soli ya kiatu changu ilikuwa imegusa kibandiko cha swichi ya tatu na kukisukuma hadi juu ya swichi ya nne. Nilikanyaga neno nililoliona. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwangwi mrefu, noti zikapandana, na wachezaji wakasimama katikati ya duara. Mzee hakusema kitu jukwaani. Ndani ya gari aliuliza tu, “Ndugu yangu, kile chombo chako kinakusaidia au kinakuchelewesha?”

Swali lile lilinipeleka Nasser Road. Anayeijua Kampala anajua kwamba mtaa ule hauna kitu usichoweza kuchapa: kalenda, kadi za harusi, risiti, mabango ya wanasiasa. Nilimtafuta anayetengeneza vibandiko vya sumaku vya milango ya magari, kwa hesabu rahisi kwamba kitu kinachoshika mlango wa gari likiwa barabarani kitashika pedali iliyotulia. Nikampata fundi mmoja ghorofa ya pili, mzaliwa wa Bombo, Kiswahili kinamtoka bila kukitafuta. Nilimweleza nataka sumaku kali zaidi. Hakunionyesha sumaku. Aliniambia, “Kaka, weka hiyo mashine chini, nionyeshe mguu wako unavyokanyaga.”

Nikaiweka sakafuni katikati ya marundo ya karatasi, nikakanyaga. Akachuchumaa akatazama kiatu kutoka ubavuni, kama anavyotazamwa mtu anayepimiwa suruali. Kisha akachukua kipande cha sumaku akakibandika kwenye bati la mashine yangu na kuniambia nikivute juu. Kilikataa. Akaniambia nikisukume kwa kidole pembeni. Kiliteleza bila shida. “Sumaku hii inazuia kung'olewa,” akasema, “kusukumwa haizuii. Na mguu wako haung'oi, unasukuma.”

Sentensi hiyo peke yake ilifaa nauli. Nilikuwa tayari kulipia sumaku nene kupita kiasi, nikitibu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Alinieleza pia jinsi karatasi hizi zinavyotengenezwa, na kwa kuwa nimekuja kuthibitisha mwenyewe, naliweka hapa. Ni unga wa feraiti, aina ya oksaidi ya chuma, uliochanganywa na mpira na kubanwa kuwa shiti. Upande mmoja umetiwa sumaku kwa mistari myembamba, kaskazini na kusini zikipishana. Chukua vipande viwili, vigusanishe migongo, uviburute: utasikia ta-ta-ta kwenye vidole kila mstari unaporuka mwingine. Kwa sababu mistari ni myembamba, nguvu yake haifiki mbali. Ikigusana na chuma inashika vizuri, lakini ukiweka hata unene wa kadi katikati inalegea mno. Kwa hiyo unene wa rangi na uchafu ulio kati ya sumaku na pedali una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Muundo tulioufikia ni huu. Kila kibandiko kimekatwa umbo la kiatu cha farasi, herufi U iliyogeuzwa. Mdomo wake unaelekea kwangu na kukumbatia nati ya swichi, ile nati ya duara inayoshikilia swichi kwenye kifuniko. Shingo ya swichi za aina hii ina kipenyo cha milimita 12 na nati inazidi kidogo, kwa hiyo tuliupa mdomo milimita 15. Kibandiko kikisukumwa kushoto au kulia, nati inakizuia. Kikivutwa kuja upande wangu, nati inakizuia. Kinabaki na njia moja tu ya kutoka, kwenda upande wa mbali, kwenye ukuta wa nyuma wa pedali, ambako mguu haufiki. Maneno yanakaa kwenye tao la juu, mbele ya kidole gumba. Unene ni milimita 0.75, uleule wa vibandiko vya milango ya magari. Pembe zote zimekatwa mviringo, kwa maana pembe kali ndiyo inayonaswa na soli kwanza, na ikishanyanyuka milimita moja, mengine ni suala la muda.

Juu ya sumaku kuna stika ya plastiki iliyochapwa kwa wino wa mabango ya nje, kisha laminesheni isiyong'aa, yaani utando mwembamba wa plastiki wa kukinga maandishi. Hiyo isiyong'aa niliing'ang'ania mwenyewe. Laminesheni inayong'aa inarudisha taa ya jukwaani machoni na neno linapotea kabisa. Fundi naye akang'ang'ania jambo lake: stika na laminesheni vikatwe pamoja na sumaku kwa kisu kimoja, halafu ukingo upakwe varnishi ya kucha isiyo na rangi. Tone moja la varnishi, kijiti cha kiberiti, kibandiko kimoja baada ya kingine. Ilichukua dakika ishirini, na tangu hapo soda na bia zimemwagika mara nyingi na hakuna ukingo uliokunywa.

Kwenye rangi ndiko tulikokosea, na kosa lilikuwa langu. Nilitaka kila familia ya sauti iwe na rangi yake: nyeupe kwa sauti safi, kijani kwa mwangwi, nyekundu kwa sauti chafu, herufi nyeusi kote. Dukani, chini ya taa nyeupe, kila kitu kilisomeka. Jukwaani, mtu wa taa alipowasha buluu, vile vyekundu viligeuka vyeusi na herufi nyeusi zikazama ndani yake. Kitu chekundu hakina buluu ya kurudisha. Na usidhani maandishi mekundu juu ya nyeupe yatakuokoa, maana taa nyekundu ikiwaka, nyekundu na nyeupe vinalingana na neno linafutika. Sasa vyote ni herufi nyeusi juu ya nyeupe, na familia za sauti nazitofautisha kwa umbo: kimoja kina mstari mnene chini ya neno, kingine kina nukta mbili. Fundi alinichapia upya vile vinne ambavyo havikuwa vyeupe kwa shilingi 20,000.

Herufi zina urefu wa milimita 12, nene, kubwa zote. Nilijaribu milimita 8 kwanza. Nikisimama wima zilisomeka nyumbani, lakini si kwenye moshi wa jukwaa. Neno likizidi herufi saba halitoshei, kwa hiyo unalazimika kuchagua maneno mafupi. Ninayo SAFI, CHAFU, MWANGWI, SOLO, SEBENE, TULIVU, MI-SOLO. Hii ya mwisho mzee aliifurahia, kwa kuwa huko kwao mi-solo ni gitaa zima linalosimama kati ya solo na akompa, gitaa la mdundo, na mimi peke yangu inabidi nilivae kwa swichi moja.

Sasa tahadhari kwa wanaotaka kunakili. Sumaku inashika chuma tu. Kidhibiti changu ni cha chuma, lakini maboksi ya pedali ndogo nyingi ni ya alumini, na hapo kibandiko kinaanguka kama jani. Kabla hujatoa hata shilingi, chukua sumaku yoyote ukaguse kila pedali yako. Kwangu pedali mbili zilikuwa za alumini. Nilikwenda Katwe, fundi wa chuma akanikatia vipande viwili vya bati tambarare la geji 28, akavitoboa tundu la milimita 12 na kupiga tupa kwenye kingo. Nikafungua nati ya swichi, nikavalisha bati, nikakaza nati juu yake. Hakuna gundi, hakuna alama, na siku nikiiuza pedali bati linatoka. Vipande viwili, shilingi 6,000. Yule jamaa aliuliza kama natengeneza redio.

Mwimbaji wetu alihofia kwamba sumaku nyingi chini zitaleta mlio kwenye gitaa. Nilizunguka na gitaa karibu na bodi, sauti ikiwa juu, hakuna kilichobadilika. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa, inasikia sumaku inapobadilika, si sumaku iliyotulia mita moja chini. Ukikitikisa kibandiko mbele ya nyuzi utasikia kitu, lakini hakuna anayepiga gitaa hivyo. Nilichokikwepa ni kuviweka kwenye kikanyagio cha volyumu. Vikanyagio vingine hupima mwendo wa mguu kwa kutumia sumaku ndani, na sikutaka kuvichanganya.

Miezi minane sasa. Bodi imesafiri kwa boda, kwa buti ya gari, na mara moja juu ya magunia ya mahindi kurudi Busia. Vibandiko vinavyokaa kwenye swichi ninazokanyaga sana vimepauka kidogo kwenye laminesheni, neno halijaguswa. Viwili vya oda ya kwanza niliviacha makusudi kwenye swichi nisizotumia ili nilinganishe. Kimoja kimejikunja kama ngozi kavu, cha pili sikioni tena.

Tatizo ambalo fundi hakuniambia ni vumbi. Barabara zetu za murramu zina chembe ndogo nyeusi zinazopenda sumaku, na kila nikibandua vibandiko nakuta migongo imeota ndevu nyembamba. Chembe hizo hufanya mambo mawili: zinachubua rangi ya pedali, na zinaweka nafasi kati ya sumaku na chuma, kwa hiyo mshiko unapungua. Kufuta kwa kitambaa kunazisambaza tu. Kinachofanya kazi ni selotepu: bandika mgongoni, ng'oa, rudia mara mbili, vumbi lote linaondoka nayo. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi asubuhi ninapobadilisha seti ya bendi kwa seti ya kanisa. Usisafishe kwa spiriti. Nilijaribu kwenye kimoja, ikanyanyua varnishi ya ukingoni.

Seti isiyotumika naihifadhi kwenye kipande cha bati ukubwa wa daftari, kila kibandiko kimelala peke yake. Usivirundike mgongo kwa mgongo mfukoni. Vinang'ang'aniana, vinaruka, na kuvisugua hivyo kila mara kunaweza kupunguza nguvu yake.

Kwa fundi wa Nasser Road nimelipa jumla ya shilingi 95,000 kwa vibandiko ishirini na nne, pamoja na vile vinne vya kurudia. Si bei ndogo kwa mpiga gitaa wa hapa, na fundi hapokei oda chini ya kumi na viwili, kwa hiyo mwenye pedali tatu tu ni afadhali aungane na mwenzake. Nikiagiza tena nitaomba sikio dogo la kushikia upande wa juu, maana kwa sasa nabandua kwa ukucha, na jukwaani kati ya seti mbili hakuna muda wa ukucha.

Wiki iliyopita mzee aliniita kabla ya mazoezi. Yeye hatumii pedali hata moja, gitaa lake linaingia kwenye ampu, yaani kikuza sauti, moja kwa moja. Alinipa karatasi yenye maneno mawili, BESI na KALI, akaonyesha vitufe vya ampu yake ambavyo maandishi yake yalifutika zamani. Nimegusa uso wa ampu kwa sumaku: ni bati la chuma. Jumatatu naenda Nasser Road.