Rufaa ya viza ya mama Australia: barua ya daktari wetu haikusaidia kitu

Naandika kwa yeyote ambaye mzazi wake kanyimwa viza ya kutembelea Australia kwa sababu ya afya, maana sisi tulipoteza miezi kwa kushauriwa vibaya. Mama aliomba kuja kwangu akae karibu mwaka, na ukiomba miezi sita au zaidi ukitokea nchi yenye TB nyingi unapigwa picha ya kifua. Picha ikaonyesha kovu kwenye pafu, TB aliyotibiwa hata mimi sijazaliwa, akaambiwa apimwe makohozi, majibu yakachelewa, viza ikakataliwa.

Rufaa nikakata mimi niliye huku, yeye yuko nje hawezi. Wakala wa kwanza wa mambo ya viza, simtaji, akasema tafuteni barua ya daktari bingwa iseme mama ni mzima. Tukatafuta, tukalipa, barua na mhuri wake kabisa. Sasa hapo ndo pabaya, baraza la rufaa haliwezi kuchukua barua ya daktari wako likasema huyu mzima, sheria inalibana lipokee maoni ya daktari wa serikali yao, wanamwita MOC, kama yalivyo. MOC akishasema hapana, mjumbe wa baraza hata akuonee huruma vipi hana pa kupitia, na viza ya kutembelea haina ile nafasi ya kusamehewa sharti la afya ambayo baadhi ya viza za familia zinayo. Kwa hiyo usibishane, pambana upate maoni mapya ya MOC.

Wakala wa pili, dada mmoja mvumilivu sana, alinielewesha hilo simu ya kwanza tu. Akaliandikia baraza, siku hizi linaitwa Administrative Review Tribunal tangu Oktoba 2024, mama apimwe upya. Tukapewa namba mpya ya HAP, ile namba ya kufanyia vipimo vya afya vya viza, akarudi kwa daktari aliyeidhinishwa na uhamiaji wa Australia, maana wa pengine hahesabiki. Makohozi asubuhi tatu mfululizo kabla hajala. Ile ya kwanza alinipigia sauti imekauka kwa kukohoa, "mwanangu, hiki kikopo wanataka kijae?" nikamwambia hapana mama, kidogo tu, ila yatoke kifuani yasiwe mate. Roho iliniuma sana siku ile.

Kuotesha makohozi maabara, yaani kuona kama vijidudu vya TB vitaota, kunaweza kufika wiki 8 na hakuna cha kuharakisha, kwa hiyo kama bado hujakataliwa, omba muda zaidi kwa maandishi mapema, sisi hatukuomba. Majibu yakatoka safi, MOC akaandika anatimiza. Baraza lenyewe halitoi viza, lilirudisha maombi uhamiaji na maelekezo kwamba sharti la afya limetimia, wao wakaendelea na yaliyobaki, viza ikatoka.

Yule dada nampa nyota tano bila kufikiria. Mama yuko hapa sebuleni sasa hivi kambeba mjukuu, hataki kumshusha.