Jumamosi sita za mafunzo ya wazazi na vijana, Mwanga, Kigoma

Mimi na mwanangu wa miaka 14 tumemaliza mafunzo ya kuwakinga vijana na pombe, bangi na tumbaku, yanayotolewa na kituo kimoja hapa Mwanga kwa ada ya shilingi 5,000 kwa familia. Wazazi wengi wameniuliza kama yanafaa. Yanafaa sana, ingawa Jumamosi ya kwanza nusura niyaache: tulionyeshwa picha za mapafu meusi na za vijana waliolala mitaroni, watoto wakacheka. Vitisho pekee havimzuii kijana, na picha hizo ziondolewe.

Jumamosi ya pili mwezeshaji alitutaka wazazi tuandike mtoto huwa wapi tangu saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku, yuko na nani, na mfukoni ana shilingi ngapi. Karatasi yangu ilibaki karibu tupu. Sikujua kwamba mwanangu hupitia mwalo wa Kibirizi kubeba ndoo za dagaa kwa malipo, wala kwamba wakubwa anaobeba nao huvuta bangi wakisubiri mitumbwi. Ndipo nilipoelewa tulipofundishwa kwamba marafiki wanaotumia, fedha isiyoulizwa, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi na kufeli shuleni ni hatari zinazolimbikizana, na kwamba hakuna hata moja inayotosha peke yake kumhukumu mtoto. Kinga nayo hujengwa vivyo hivyo, kidogo kidogo: mzazi anayejua mtoto alipo, mwalimu anayemjali, madrasa au kwaya, mpira wa jioni. Huko Iceland, ambako wazazi walikubaliana saa ya watoto kurudi nyumbani na michezo ikapewa fedha, vijana wa miaka 15 na 16 waliosema wamelewa katika mwezi uliopita walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi asilimia 5 mwaka 2016.

Zoezi la kukataa lilinigusa zaidi. Mwenzake alipomnyooshea kijiti kilichofanywa msokoto, mwanangu aliinamisha kichwa, akanyamaza. Waliporudia mara ya tatu alisema, "Kesho nina mechi, kaka," akaondoka bila kukimbia.

Upungufu mkubwa ni kwa walioanza tayari. Mama mmoja ambaye kijana wake anakunywa gongo alipewa namba ya simu tu, na wiki mbili baadaye ilikuwa bado haijapokelewa. Tena mafunzo hufanyika Jumamosi asubuhi, wakati wavulana wanaoyahitaji kuliko wote wako mwaloni; nimekiomba kituo kiwafuate huko huko Kibirizi, alasiri, dagaa wakishaanikwa.